Simu Inayohisi Ulipo na Unachofanya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Tanga

Haya ndiyo maswali yanayorudiwa kwenye meza za mafundi simu na vijiweni, kuanzia Ngamiani hadi Raskazone. Majina ya vipengele hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Ukikosa jina lililotajwa hapa, fungua Mipangilio na uliandike kwenye sehemu ya kutafutia iliyo juu.

## Mambo ya mwanzo

Mtu akisema simu "inajua mazingira", anamaanisha nini?

Anamaanisha simu inayobadili mwenendo wake bila kuambiwa, kwa kuangalia hali aliyomo mwenye nayo. Ukiipeleka sikioni inazima kioo. Ukitoka ndani kwenda juani inaongeza mwanga. Ukikaa siku kadhaa hujaifungua programu fulani, inaibana isile chaji.

Ila hilo neno "inajua" ni la kuipamba tu. Simu haijui kwamba unaswali, unaendesha au umelala. Inapima vitu vichache, yaani mwanga, mtikisiko, sumaku, sauti na mawimbi ya redio, kisha inakisia. Karibu malalamiko yote yaliyomo humu yanatokana na kukisia vibaya, na dawa yake ni kujua kipimo kipi kimeipotosha.

Inapima kwa kutumia nini?

Kwa vihisi, au sensa kama mafundi wanavyoviita. Kinachofanya kazi kuliko vyote ni kipima mchapuko. Ndani yake kuna kipande kidogo mno cha silikoni kilichoshikwa na springi. Simu ikisogea, kipande hicho hubaki nyuma kidogo kama abiria aliyesimama daladala linapoondoka ghafla, na umeme unaopimwa pembeni yake hubadilika. Kwa kuwa mvutano wa dunia nao hukivuta wakati wote, simu hutambua pia upande upi uko chini.

Kuna jairoskopu inayopima mzunguko, dira inayopima sumaku, kihisi cha mwanga, na kihisi cha ukaribu kilicho juu karibu na spika ya sikioni. Simu za bei kubwa huwa na barometa inayopima mgandamizo wa hewa. Ukipanda kutoka Tanga mjini hadi Lushoto, mgandamizo huo hushuka kwa zaidi ya asilimia 10, na ndivyo simu inavyojua kwamba umepanda mlima. Ongeza hapo maikrofoni, kamera, GPS, waifai, bluetooth na minara ya mtandao, maana navyo vinatumika kuhisi, ijapokuwa havikuwekwa kwa kazi hiyo.

Wazo hili lilianza lini?

Kabla ya simu hizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, iliwavalisha wafanyakazi beji zilizotoa mwanga usioonekana kwa macho, ili simu ya mezani iitie kwenye chumba ambacho mtu yupo wakati huo. Mwaka 1994 Bill Schilit, Norman Adams na Roy Want waliandika kuhusu programu zinazofuata mazingira ya mtumiaji. Mwaka 1999 Albrecht Schmidt na wenzake walionyesha simu iliyoweza kutambua kama iko mkononi, mezani au ndani ya begi, na kubadili mlio wake kulingana na hapo ilipo. iPhone ya kwanza, mwaka 2007, ilikuja na kipima mchapuko, kihisi cha mwanga na kihisi cha ukaribu. Jairoskopu ilifuata kwenye iPhone 4 mwaka 2010.

Simu yangu ni ya bei ya chini. Ina vihisi vyote hivyo?

Huenda haina. Vinavyokosekana mara nyingi ni jairoskopu, dira na barometa. Dalili ya kukosa dira ni kwamba kwenye ramani unaonekana kama doa tu, na ukisimama mahali pamoja ukajizungusha, hakuna kinachogeuka. Dalili ya kukosa jairoskopu ni video za digrii 360 kutogeuka unapoigeuza simu.

Kwenye Samsung nyingi unaweza kupiga *#0*# na kuona orodha ya majaribio, vihisi vikiwemo. Kwa simu nyingine pakua programu yoyote ya kukagua vihisi. Fanya hivyo dukani, kabla ya kutoa hela. Muuzaji akikwambia "ina kila kitu", mwombe akuonyeshe dira ikigeuka.

## Kioo, mwanga na joto

Nikiongea na simu kioo kinakuwa cheusi, na nikiitoa sikioni hakirudi. Kioo kimekufa?

Mara nyingi hakijafa. Kihisi cha ukaribu kinadhani bado kuna shavu mbele yake. Chanzo ni protekta iliyobandikwa vibaya ikafunika kitundu cha juu, vumbi, jasho, au kioo kilichobadilishwa bila kile kijimpira kidogo kinachokizunguka kihisi kurudishwa mahali pake. Futa sehemu ya juu kwa kitambaa kikavu, kisha jaribu bila protekta. Kikirudi, tatizo lilikuwa protekta. Usikubali kuuziwa kioo kipya kabla ya kufanya jaribio hilo.

Bibi yangu huipachika simu ndani ya ushungi akiongea huku anapika. Mbona simu inakata au inampigia mtu mwingine?

Kitambaa kikiwa kimekaza vizuri, kihisi huona kitu karibu na kioo hubaki kimezimwa. Kikilegea, kioo kinawaka, na shavu linabonyeza vitufe. Dawa rahisi ni kubonyeza kitufe cha kuwashia mara moja baada ya kupokea, ili kioo kizimwe kwa mkono. Hakikisha kwanza kwamba kile kipengele cha kukata simu kwa kitufe hicho hakijawashwa. Au mtafutie bibi vipokea sauti vya masikioni.

Kwa nini mwanga wa kioo unapungua wenyewe nikiwa juani, wakati ndipo ninapouhitaji?

Hapo kuna vipimo viwili vinavyogombana. Kihisi cha mwanga kinaona jua la mchana, ambalo linaweza kufika laksi (kipimo cha mwanga) 100,000 wakati sebule ya kawaida haifiki 500, hivyo kinaagiza kioo kiwake kwa nguvu zote. Kioo kikiwaka hivyo huku jua la Raskazone linapiga, simu inapata moto. Kipimajoto cha ndani kinaingilia na kupunguza mwanga ili kuilinda betri, na hicho ndicho chenye kauli ya mwisho.

Iondoe juani, ivue kava, acha kuchaji na funga kamera. Usiiweke kwenye friji. Joto likishuka ghafla, unyevu wa hewa yetu ya pwani hugeuka matone ndani ya simu. Apple wanashauri iPhone itumike penye joto lisilozidi digrii 35, na mchana wa Februari hapa Tanga hauko mbali na hapo hata kivulini.

Kwa nini usiku mwanga unakuwa mdogo kuliko ninavyotaka?

Tangu Android 9 ya mwaka 2018, mwangaza unaojirekebisha hujifunza kutokana na mikono yako. Usiuzime, bali sogeza kile kimstari cha mwanga mpaka unapopapenda, kila unapokuwa kwenye giza la aina hiyo. Baada ya siku kadhaa utashika.

Nikilala ubavu kioo kinageuka. Nifanyeje?

Zima "Zungusha kiotomatiki". Kipima mchapuko kinajua chini ni wapi, hakijui kichwa chako kimelala upande gani. Baadhi ya simu za Android 12 na kuendelea hutumia kamera ya mbele kuangalia uso umeelekea wapi.

## Mahali na mwelekeo

GPS inakula bando?

Hapana. GPS ni kupokea tu. Setilaiti zisizopungua 24 zinazunguka dunia kwa umbali wa takriban kilomita 20,200 juu, zikitangaza saa na mahali zilipo. Simu inasikiliza angalau 4 kati yake na kupiga hesabu. Hakuna kinachotumwa, na hakuna wa kukulipisha.

Kinachokula bando ni picha za ramani. Pakua ramani ya Tanga, Muheza na Pangani ukiwa kwenye waifai na itatumika bila mtandao. Jambo moja la kuzingatia ni kwamba simu ikiwa na intaneti huchukua ratiba ya setilaiti kutoka mtandaoni na kujua ilipo ndani ya sekunde chache. Bila intaneti inaingoja ratiba hiyo kutoka angani kwenyewe, na hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa. Usiichoke mapema.

Mbona inasema niko nyumba ya jirani?

Kwa sababu kwenye uwanja wazi simu ya kawaida hukosea kwa takriban mita 5. Kwenye vichochoro vya Ngamiani, mawimbi yakigonga kuta na mabati kabla ya kufika, kosa linakuwa kubwa zaidi. Ndani ya nyumba simu huacha setilaiti na kukisia kwa waifai na minara iliyo karibu. Kama mwenye waifai alihama na kifaa chake kutoka Chumbageni hadi Sahare wiki iliyopita, simu inaweza kukupeleka Chumbageni ukiwa umekaa Sahare. Ukimwelekeza bodaboda, taja pia namba ya barabara na kitu kinachoonekana. Doa peke yake halitoshi.

Programu ya kibla inanionyesha upande tofauti na msikiti wa mtaani. Nifuate ipi?

Fuata msikiti, kisha itengeneze simu. Watu wa Tanga tuna bahati katika hili. Makka iko longitudo ya karibu digrii 39.8 mashariki na Tanga iko karibu digrii 39.1, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini karibu kamili, kikiinamia mashariki kwa digrii moja au mbili tu. Simu ikikuonyesha kaskazini mashariki ya wazi, au magharibi, imepotoka. Bagamoyo nako ni hivyo hivyo.

Sababu kubwa ni sumaku. Dira ya simu inapima sumaku ya dunia, ambayo ni dhaifu sana, hivyo kava lenye kifungo cha sumaku, kishikio cha simu cha kwenye gari, spika, au nondo zilizomo kwenye zege huivuta. Vua kava, sogea mbali na vyuma, kisha chora namba 8 hewani kwa simu mara kadhaa. Ukitaka kuihakikisha, simama msikitini ukielekea mihrabu na uitazame namba. Inapaswa kuwa karibu na 0 au 360.

Simu isiyo na dira haiwezi kukuonyesha kibla hata kama programu inachora mshale mzuri. Kuna programu zinazochora mshale usiogeuka, na mtu anauamini.

Naweza kuitegemea simu nikienda kuvua?

Kwa kujua ulipo, ndiyo. GPS hufanya kazi vizuri zaidi baharini kuliko mjini, maana hakuna kuta wala miti, na haihitaji mnara. Wavuvi wengi wanaweka alama za miamba kwenye ramani iliyopakuliwa na kuirudia kesho yake.

Kwa mambo mengine, hapana. Kwanza, GPS iliyowashwa muda wote inamaliza chaji, na chombo hakina soketi. Pili, vidole vyenye maji ya chumvi vinakichanganya kioo, kwa sababu kioo huhisi umeme wa mwili na maji ya chumvi nayo hupitisha umeme. Tatu, ile alama ya kutoingiza maji iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa maji baridi, si ya bahari. Nne, simu haina kihisi cha kupwa na kujaa. Programu za maji hupiga hesabu kutoka kwenye jedwali, na kwenye bamvua, ambapo bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, nahodha anayejua mlango wake ana habari zaidi ya jedwali. Beba simu ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa, na dira ya chombo ibaki palepale.

Kwa nini ramani inaganda ndani ya mapango ya Amboni?

Mawimbi ya GPS yanafika ardhini yakiwa hafifu mno na hayapenyi mwamba. Simu hubaki na mahali pa mwisho ilipopaona, yaani mlangoni. Ndani mfuate mwongozaji.

Nikikaribia Horohoro simu inaniletea ujumbe wa kunikaribisha Kenya. Imenifuatilia?

Imenasa mnara wa ng'ambo ya mpaka, ambao hapo ulikuwa na nguvu kuliko wetu. Saa haitabadilika, maana nchi zote mbili zinatumia majira ya saa yaleyale. Hela inaweza kubadilika. Zima data ya nje ya nchi kabla hujafika Duga, au chagua mtandao wako kwa mkono badala ya kuiachia simu ijichagulie.

## Msikitini, kanisani na kwenye vikao

Naweza kuifanya simu inyamaze yenyewe nikiingia msikitini?

Unaweza, na njia ziko tatu. Uzuri wake si sawa.

Ya kwanza ni ratiba ya "Usinisumbue". Kwa ibada ya Jumapili au kikao cha kila Jumatatu inatosha kabisa. Kwa swala inahitaji kuangaliwa, lakini si sana. Kwa kuwa tuko digrii 5 tu kusini ya ikweta, Magharibi hapa hubadilika kwa takriban nusu saa tu mwaka mzima, kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano hivi. Ukiweka dirisha la saa moja, linakufaa miezi yote. Anayeishi Ulaya hawezi kufanya hivyo.

Ya pili ni kanuni ya mahali: "nikifika hapa, nyamaza". Samsung wanayo kwenye Hali na Taratibu, na zipo programu za kupakua zinazofanya hivyo. Tatizo ni lile lililoelezwa kwenye swali la nyumba ya jirani. Ukiishi karibu na msikiti, simu inaweza kunyamaza siku nzima ukiwa kitandani, na ukakosa simu ya mgonjwa. Kama msikiti una waifai, tumia kanuni ya waifai badala ya mahali.

Ya tatu ni kuilaza kifudifudi. Simu nyingi zina kipengele hicho: kipima mchapuko kinaona imepinduliwa, kihisi cha ukaribu kinaona imezibwa, simu inanyamaza. Mimi naipendelea hii kuliko zote, kwa sababu wewe ndiye unayeamua na simu haikisii kitu. Kwenye "Usinisumbue" weka ruhusa kwa anayepiga mara mbili mfululizo, ili aliye na dharura apenye.

## Betri na mwendo

Meseji za WhatsApp haziingii mpaka nifungue simu. Mtandao mbovu?

Mara nyingi ni simu yenyewe. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu ikitulia mezani bila chaja, kioo kikiwa kimezimwa, inaingia usingizini na kuziruhusu programu ziamke kwa vipindi tu. Android 9 ikaongeza upangaji wa makundi: programu unayoitumia kila siku inapewa nafasi kubwa, usiyoigusa inapewa ndogo. Juu ya hapo, watengenezaji wa simu nyingi za bei nafuu wameongeza ubanaji wao ili tangazo la "betri siku mbili" litimie. Huo ndio unaoua WhatsApp.

Ingia Mipangilio, Programu, WhatsApp, Betri, kisha chagua isiwekewe kikomo. Baadhi ya simu zina pia orodha ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha zenyewe, iweke na huko. Usifanye hivyo kwa programu zote. Ibakishe WhatsApp, ile ya benki au ya pesa za simu, na ya kazi. Na zile programu za "kusafisha simu" zifute, zinaharibu kuliko zinavyosaidia.

Nimechaji usiku kucha, alfajiri nakuta asilimia 80. Chaja imeharibika?

Huenda simu imejifunza saa unayoamka. Baadhi husimama kwenye 80 na kumalizia muda mfupi kabla hujaichomoa, kwa kuwa betri ya lithiamu huchakaa ikikaa imejaa muda mrefu. Ukibadili saa ya kuamka, kama wengi wanavyofanya Ramadhani, inakosea. Zima kipengele hicho mwezi huo, au kiache kijifunze upya.

Naendesha baiskeli kutwa, mbona simu inasema sikutembea?

Kwa sababu kipimo cha hatua kinatafuta mdundo wa mguu kugonga chini, na kwenye baiskeli haupo. Kwa mji wa baiskeli kama huu ni dosari ya kuudhi. Tumia programu yenye mazoezi ya baiskeli na uiwashe mwenyewe unapoanza safari, ili ipime kwa GPS. Kinyume chake pia hutokea: mtikisiko wa bodaboda kwenye barabara ya vumbi unaweza kuhesabiwa hatua. Ukiona umetembea sana siku uliyokaa nyuma ya pikipiki, usijipongeze.

## Faragha na usalama

Tulizungumzia godoro, jioni nikaletewa tangazo la godoro. Simu inanisikiliza?

Hili ndilo swali linaloongoza. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walipima programu za Android zaidi ya 17,000 na hawakuona ushahidi wa programu kuwasha maikrofoni kwa siri na kutuma maongezi. Walichokuta ni kingine: baadhi ya programu zilikuwa zikirekodi kioo na kutuma picha hizo kwa makampuni ya nje bila mwenye simu kujua.

Maelezo ya godoro kwa kawaida ni mepesi, na kwangu yanatisha zaidi. Mwenzako alilitafuta mtandaoni mkiwa kwenye waifai moja. Au mlipita pamoja dukani na simu zenu zote mbili zilikuwa zimeruhusu mahali. Anayeuza matangazo hahitaji kusikia sauti yako kama tayari anajua uko na nani, wapi, saa ngapi.

Hata hivyo maikrofoni si ya kuiamini moja kwa moja. Simu inayoitika ukiiita kwa jina lazima isikilize neno hilo muda wote, na huwa inaamka kimakosa. Mwaka 2019 ilibainika kuwa watu walioajiriwa kwa ajili ya Apple, Google na Amazon walikuwa wakisikiliza baadhi ya vipande vilivyorekodiwa ili kuboresha huduma, na Apple waliomba radhi hadharani. Kama huiiti simu yako kwa jina, kizime kipengele hicho.

Nitajuaje programu ipi inatumia mahali, kamera au maikrofoni?

Android 12 ya mwaka 2021 na kuendelea huonyesha alama ya kijani juu ya kioo kamera au maikrofoni ikitumika. iPhone, tangu mfumo wake wa iOS 14, huonyesha kijani kwa kamera na rangi ya machungwa kwa maikrofoni. Ukiiona bila sababu, vuta kioo chini uone ni nani.

Kisha pitia ruhusa. Kwa ruhusa ya mahali chagua "wakati wa kutumia programu tu", na pale inapotosha chagua mahali pa kukadiria. Hali ya hewa haihitaji kujua mlango wako. Programu za mikopo ya haraka ndizo za kuchunguzwa kuliko zote: ikiomba majina ya watu kwenye simu, meseji na mahali kwa pamoja, jiulize itayafanyia nini siku ukichelewa kulipa.

Simu inaniambia inaweza kukaa bila nywila nikiwa nyumbani. Nikubali?

Kwa nyumba za hapa, usikubali. Google wenyewe wanaeleza kwamba eneo hilo la kuaminiwa linaweza kufika nusu kipenyo cha mita 80. Kwenye Barabara ya 12, mita 80 ni nyumba yako, za majirani, duka la kona na kijiwe cha kahawa. Kipengele cha "ikiwa mwilini", kinachoiacha simu wazi muda wote unapokuwa umeibeba, nacho kina tundu: simu haijui ni mwili wa nani. Ukiporwa ikiwa wazi, inabaki wazi mfukoni mwa mwizi.

Kuna namna simu inaweza kutambua kwamba imekwapuliwa?

Ipo. Tangu 2024 Google imeziongezea simu za Android 10 na kuendelea kufuli linalotazama mchapuko: simu ikinyakuliwa kwa ghafla na kuondoka mbio, kwa miguu au kwa pikipiki, kioo kinajifunga. Iko ndani ya Mipangilio, Google, sehemu ya ulinzi dhidi ya wizi. Ni kukisia kama kwingine na inaweza isishtuke, lakini ikishtuka bure hasara ni kuandika nywila tu. Iwashe leo, na andika pembeni IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu (piga *#06#).

Sheria yetu inasema nini?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayopokea malalamiko. Anayekusanya taarifa zako anatakiwa akuambie anazikusanya kwa ajili gani. Ukilalamika, ambatanisha picha za kioo zinazoonyesha ruhusa iliyoombwa na tarehe.

## Hali zisizo za kawaida

Navaa nikabu. Kufungua simu kwa uso kunawezekana?

iPhone 12 na zilizofuata, kuanzia iOS 15.4 ya mwaka 2022, zinaweza kusoma eneo la macho peke yake. Kipengele kiliwekwa kwa ajili ya barakoa, kwa hiyo kwa nikabu kijaribu kwanza nyumbani. Kwenye Android za bei nafuu, kufungua kwa uso hutegemea picha ya kawaida na ulinzi wake ni hafifu hata bila nikabu. Alama ya kidole ni bora.

Vidole vyangu havisomwi. Nafanya kazi ya mkonge.

Mkonge, kamba, chumvi na saruji hukwangua mistari ya vidole. Sajili kidole unachokitumia kidogo, kama cha pete cha mkono wa kushoto, na kisajili mara mbili kama vidole viwili tofauti. Fanya hivyo jioni ukiwa umenawa na kupaka mafuta kidogo kisha kufuta. Isipokubali, tumia namba ya siri ya tarakimu 6.

Simu yetu ni moja kwa familia nzima. Itajifunza tabia za nani?

Za wote kwa pamoja, yaani za mtu asiyekuwepo. Mwanga wa mama, katuni za mtoto, ramani za baba. Android ina sehemu ya watumiaji wengi kwenye baadhi ya simu, kila mmoja na nafasi yake. Kama yako haina, zima kule kujifunza: mwanga uweke kwa mkono, na historia ya mahali izime, maana si kila mmoja nyumbani anapaswa kuona mwenzake alipitia wapi.

Nikirudi kwenye kitochi nitakuwa sionekani?

Utaonekana kidogo. Kitochi hakina dira wala GPS, na hakuna programu ya kukuchungulia. Lakini ili simu iite, mtandao lazima ujue uko chini ya mnara upi, na laini imesajiliwa kwa alama ya kidole na namba yako ya NIDA. Piga *106# uangalie ni laini zipi zimesajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda ofisi ya mtandao husika na kitambulisho chako ifutwe.